Kofia ya Kuhifadhia

Kompyuta zetu tatu zinatumia diski moja, kwa hiyo sheria ya duka letu la uchapaji ni hii: anayehifadhi kazi avae kofia nyekundu, wengine wasubiri, la sivyo kazi zitachanganyika. Sasa bibi harusi anazunguka mlangoni akidai kadi zake za mwaliko, umeme unachezacheza, na shemeji yangu katoka na kofia kwenda kunywa chai.

"Hifadhi tu!" nikamwambia dada yangu.

"Wewe! Kama mashine ya mume wangu bado inahifadhi?"

"Basi jifunge kitambaa changu, nacho chekundu."

Akajifunga, akabonyeza.

Shemeji akaingia, kofia kichwani. "Bango la mgombea limemaliza kuhifadhiwa?"

Bibi harusi alikuwa ameshaingia, ameinamia kadi kwenye skrini, ambako mgombea alisimama ubavuni mwa picha yake akitabasamu.

"Jamani," akasema, "mchumba wangu kaota kitambi lini?"