Aliyetenganisha Midomo ya Ngisi

Niliajiriwa Kilungu kulea mtoto, si kushika midomo ya ngisi. Mama Mwende, ambaye jina lake ni Nzisa, alikuwa daktari wa viumbe vya baharini. Alikuwa amerudi kwa mama yake kwa likizo ya uzazi, na alikuja na mtoto wake Mwende wa wiki sita, darubini ya mezani, na chupa kumi na moja za spiriti. Ndani ya chupa mlikuwa na vitu vidogo vyeusi kama vipande vya kucha. Mama yake, tuliyemwita Susu Wayua, yaani Bibi Wayua, alikataa visiingie jikoni. Alisema hakuuza ng'ombe kusomesha mtu ili aje aletewe kucha za majini. Chupa zikawekwa stoo, juu ya magunia ya mahindi.

Mama Mwende alinieleza akinyonyesha. Pomboo akinaswa kwenye nyavu, au akitupwa ufukweni amekufa, wao watafiti humpasua tumbo waone alikula nini. Nyama ya ngisi huyeyuka yote, lakini mdomo wake ni mgumu kama wa kasuku, hubaki tumboni. Ukiitenganisha midomo unajua pomboo alikula ngisi wa aina gani. Wavuvi walikuwa wakilalamika kwamba pomboo wanawamalizia ngisi wao, naye alitaka kujua kama ni kweli.

Mimi sijawahi kuona bahari. Kwetu ni Mwingi, na shule niliiachia darasa la sita, mwaka ambao mama aliugua. Mwalimu alipitisha mstari mwekundu juu ya jina langu kwenye rejista, nikiwa nimesimama pale pale na sare ya msaada niliyokuja kurudisha. Baadaye nilichagua ndengu, nikitenga nzuri na mbovu, kwenye stoo ya Isnino, mama mmoja wa biashara. Nilikuwa kimya mno hata siku moja alifunga kufuli nikiwa ndani. Alipofungua akacheka, akasema atanifunga kengele kama mbuzi.

Kazi ya midomo niliianza hivi hivi, mtoto akilala. Mama Mwende aliona naangalia, akanipa kibano na sahani nyeupe, akanionyesha kutenga midomo ya juu na ya chini. Siku ya tatu niliona jambo, na ilinichukua siku nyingine nzima kupata ujasiri wa kulisema.

"Hizi si za mama mmoja," nikamwambia.

Alicheka kidogo. Akasema ni aina moja, tofauti ni ya umri tu, ngisi wakubwa na wadogo.

Nilimwaga chupa nzima kwenye sahani, nikaizungusha polepole karibu na dirisha.

"Ukitazama moja moja huoni kitu," nikasema. "Zikiwa nyingi pamoja zinajitenga zenyewe. Kuna zinazong'aa mgongoni na kuna zilizofifia. Ni kama ndengu."

Alichukua mmoja wa kila upande, akaiweka chini ya darubini. Alitazama kwa muda mrefu sana. Mtoto aliamka akalia, nikamchukua, nikambembeleza, na bado Mama Mwende hajainua kichwa. Ile inayong'aa ilikuwa na mkunjo mdogo ubavuni ambao ile mingine haina.

Tulirudia chupa zote, tukazigawa zikawa ishirini na mbili. Midomo iliyofifia ndiyo ilikuwa mingi, na hiyo, alisema, ni ya ngisi wa maji ya kina ambako nyavu za wavuvi hazifiki. Pomboo walikuwa wamesingiziwa. Alinishika mabega, akaniambia sijui nimemfanyia jambo kubwa kiasi gani.

Ndipo akanifundisha kuandika vikaratasi. Kila chupa huwekwa kikaratasi ndani, kwenye spiriti yenyewe, chenye mistari minne: mahali pomboo alipopatikana, tarehe, aina ya ngisi, na aliyetenganisha. Alisema chupa isiyo na jina la aliyetenganisha ni takataka, kwa sababu pakiwa na kosa lazima ijulikane ni la nani. Akanipa penseli. Wino huyeyuka kwenye spiriti, alisema, lakini penseli utaikuta hata baada ya miaka hamsini.

Niliandika Kalondu Musyimi mara ishirini na mbili. Akaniahidi kwamba hata kwenye ripoti jina hilo litakuwepo. Chupa zikapakiwa kwenye basi la Mombasa, zikapokelewa na mwanafunzi wake, Yvonne. Mimi nikarudia nepi, lakini nikifua nilikuwa nikifikiria jina langu limekaa huko kando ya bahari, mahali ambapo hakuna mtu wa kulipitishia mstari.

Miezi minne baadaye, likizo yake ikiwa imeongezwa, kanisa lilimwomba Mama Mwende azungumze na vijana baada ya ibada. Alileta kompyuta, picha zikawa zinaonekana ukutani. Nilikaa nyuma na mtoto mgongoni. Alieleza habari za pomboo na za wavuvi, watu wakasikiliza vizuri. Kisha akasema kwamba alikuwa amekwama, mpaka siku moja akamwaga chupa nzima kwenye sahani.

"Ukitazama moja moja huoni kitu," akasema. "Zikiwa nyingi pamoja zinajitenga zenyewe. Nikakumbuka ndengu za mama yangu."

Watu walipiga makofi. Nilimtazama Susu Wayua, ambaye hajawahi kupanda ndengu kwa sababu Kilungu kuna baridi. Aliinamisha kichwa akatafuta kitu kwenye mkoba wake. Ukutani palikuwa na picha ya chupa, kubwa kama mlango, na kikaratasi ndani yake. Mwandiko haukuwa wangu. Mstari wa nne ulisema: Dkt. Nzisa Mulwa.

Nilisubiri mpaka tukafika nyumbani na mtoto akala. Nilimkuta kwenye stoo akikunja nyaya. Nikamwuliza kuhusu kikaratasi changu, nikitazama sakafu.

Alisema kwa upole kwamba maandishi yangu yalifutika kwenye spiriti, ikabidi Yvonne aandike upya.

"Niliandika kwa penseli," nikasema.

Mikono yake ikasimama kwenye zile nyaya. Nilikuwa nikiomba aseme alisahau, au amlaumu Yvonne, chochote ambacho ningeweza kukiamini.

"Kalondu, wataniuliza huyu ni nani, amesomea wapi," akasema. "Niwaambie nini? Kwamba ni msichana wa kunilelea mtoto? Kazi yote wataitilia shaka. Wewe mwenyewe hupendi kuonekana. Nilijua hutajali."

Kweli sipendi kuonekana. Nilikuwa nimemwambia hivyo mwenyewe, tukichagua midomo, kama mtu anavyomwambia dadake.

Wiki iliyofuata zikaja chupa nne nyingine. Aliniomba kwa sauti tamu, akanichemshia chai yeye mwenyewe. Nilikaa karibu na dirisha, nikamwaga, nikazungusha. Kwenye chupa ya pili nikaiona aina ya tatu. Ilikuwa midomo saba tu, yenye wekundu kidogo pembeni na mabawa mapana, yaani zile kingo za ubavuni, haifanani na mingine kabisa. Mdomo wangu ukafunguka wenyewe.

"Umeona kitu?" Mama Mwende akauliza.

Nilitazama ile saba. Hata leo naweza kuitambua gizani kwa vidole.

"Ni aina mbili zile zile, Mama Mwende."

Aliniamini mara moja, hakuigusa darubini. Mwende alikuwa analia, mama yake akaenda kumchukua. Niliisukuma ile saba kwa kibano, ikachanganyika na iliyofifia, nikairudisha yote kwenye chupa. Kisha nikakata kikaratasi. Niliandika mahali, nikaandika tarehe, nikaandika aina. Kwenye mstari wa nne niliandika Dkt. Nzisa Mulwa, herufi moja moja, nikikandamiza penseli.