Bomba la Mzee Albano

Jumamosi asubuhi Eufrazia alikuwa amechuchumaa uani, anasugua masufuria kwa jivu na mchanga kwa kuwa maji hayakuwepo. Bomba lilikuwa limekauka tangu kabla ya Kwaresima, na Mtaa wa Kisiwani wote, kule Buza, ulikuwa ukiishi kwa madumu ya wasukuma mikokoteni. Kwenye mdomo wa bomba nyigu walikuwa wameanza kujenga. Mumewe, Mzee Albano, mchonga vinyago, alimpita na kopo mkononi, akaingia chooni, akavuta mlango wa bati.

Akakaa huko. Eufrazia alimaliza sufuria moja, akashika nyingine. Kule ndani Albano akaguna kama mtu anayesukuma gari bovu. Bomba likakohoa, nyigu wakatoka. Likaanguka tone. Kimya. Likaanguka jingine, kisha kimya kirefu, kisha yakafuatana mawili matatu kwa pupa.

Eufrazia alisogeza sufuria pale chini, maana maji ni maji. Ndipo alipobaini kwamba bomba na choo vilikuwa vinakwenda pamoja. Mumewe akiguna, bomba linakohoa. Akipata tone, nalo linatoa tone. Mlango wa bati ulipofunguliwa, bomba likafunga.

"Baba Stephano," alisema, "rudi chooni."

"Nimeshamaliza."

"Hujamaliza. Sufuria haijajaa."

Albano alilitazama bomba, akaitazama sufuria, akakaa kwenye kigoda cha mkewe kama mtu aliyekamatwa. Akasema basi, kama limeshasema lenyewe, na aseme. Mkojo ulikuwa unamsumbua tangu mwaka jana. Anaubembeleza ndipo utoke, ukitoka unakatika katikati ya safari, na kabla hajarudi kukaa unamwita tena. Eufrazia alimsikiliza, moyo ukimtulia. Mwaka mzima alikuwa anadhani mumewe anatoka kitandani kwenda kunong'ona na mwanamke kwenye simu.

Zuena wa nyumba ya pili alichungulia juu ya ukuta. "Shikamoo, Mama Stephano. Mbona nasikia kama maji?"

"Marahaba. Ndiyo maji. Ni mkojo wa Baba Stephano ndio unaoyavuta."

Zuena alizunguka, akaingia, akachota kidogo kiganjani, akanusa, akaonja. Yalikuwa maji matupu, ya baridi, yenye ladha ya bomba jipya. "Haya, mzee," alisema huku akifunga kanga kiunoni, "leo unywe uji mwingi."

Kufikia adhuhuri mtaa wote ulikuwa na habari. Wanawake walikuja na ndoo na pole, Albano akajifungia ndani kwa haya. Mwenyekiti wa mtaa, Suleiman, alikuja kuhakikisha. Alisimama kati ya choo na bomba, akasikiliza huku na huku, akasema jambo lenyewe liko wazi na linalotakiwa ni ushirikiano. Fundi wa maji aliyeitwa alipima bomba kwa chombo chake, akasema halina kosa. Kwa kuwa mtaa ulikuwa umepata chanzo chake, alisema, ofisini kwao watauondoa kwenye mpango wa matengenezo. Akaomba tu mzee asisafiri.

Eufrazia ndiye aliyesema hospitali. Albano akakataa.

"Nasikia wanatia kidole."

"Wakitie. Mie nimezaa watoto watano mbele ya wakunga, sijafa kwa aibu."

Walikwenda Jumatatu, na wanawake wa mtaa wakawasindikiza hadi barabarani kama wanaopeleka bwana harusi. Daktari alikuwa binti mpole aitwaye Herieth. Alimwamkia Albano, akamkalisha, akamweleza taratibu. Chini ya kibofu kuna tezi, ndiyo inayoitwa tezi dume, nayo imeuzunguka mrija wa mkojo. Mwanamume akienda umri, tezi hiyo hukua, na ikikua huubana mrija, mithili ya mtu aliyekanyaga mpira wa kumwagilia bustani. Akampima kwa kidole, jambo lililokwisha kabla Albano hajamaliza kufumba macho, akamtoa damu, akampeleka kwenye picha. Habari za bomba aliambiwa pia, akaziandika. Alisema amewahi kumpokea mzee wa Pugu ambaye akipiga chafya kuku wa jirani wanataga, kwa hiyo hili la maji angalau halina ugomvi.

Majibu yalipotoka, Herieth alitabasamu. "Si saratani, baba. Ni uvimbe wa kawaida. Utameza vidonge, na utarudi nikuone."

"Na chakula?" Eufrazia aliuliza.

"Chakula kinasaidia, mama. Nyanya azile, hasa zilizopikwa na mafuta kidogo. Mboga za majani, samaki, matunda, mbegu za maboga. Nyama nyekundu apunguze. Kahawa na pombe jioni aache, na atembee. Lakini nawaambia mapema: chakula ni jirani mwema. Jirani mwema atakuletea uji, hawezi kukufanyia upasuaji. Vidonge asiache, na wanaume wengine wa rika lake waje wapimwe."

Maneno hayo ya mwisho Eufrazia aliyafikisha mtaani kama alivyoyapokea. Ila watu walikuwa wameshashika yale ya mbegu za maboga.

Basi ukawa ni msimu ambao Kisiwani haikuwahi kuuona. Bi Hamdiya, mwenye duka la viungo la Tandika ambalo babu yake alilifungua, alisikia habari akatuma kiroba kizima cha mbegu. Akaagiza zikaangwe kavu kwa moto mdogo, na asitie chumvi mtu yeyote anayempenda mzee. Zuena akajitwika kazi ya kukaanga. Kila asubuhi alizileta zikiwa za moto kwenye bakuli la bati, akasimama hadi Albano amalize kutafuna. Anastasia wa genge alimwekea nyanya zilizoiva hasa na matembele teketeke. Samaki walitoka soko la Feri. Mwenye baa ya kona, aliyemuuzia Albano bia tangu ujana wake, alimrudishia hela yake mbele za watu. "Mzee, hapa kwangu soda na maji tu. Nami nina familia inayooga." Muuza mishkaki naye alikuwa akimwona anakuja tu, anafunika jiko.

Albano alinung'unika, akala. Alitembea pia. Jua likianza kupanda, wanawake walimchukua kwa zamu hadi njia panda na kurudi, wakimsimulia vichekesho asione urefu wa njia. Pembeni mwa kila ukuta paliota maboga. Yalipanda juu ya mabati ya vyoo, yakatambaa kwenye nyaya, yakazaa hata kwenye banda la pikipiki, na hakuna aliyeyakata.

Maji nayo yakafuata. Matone yakawa uzi, uzi ukawa kamba. Mabomba ya majirani, yaliyokuwa yamesahaulika nyuma ya mabanda, yakaanza kukohoa moja baada ya jingine. Albano akiingia chooni, kimya kilitanda mtaani, redio zikapunguzwa sauti, mama mwenye mtoto anayelia akamziba kwa titi. Na asubuhi moja, baada ya bakuli la mbegu na papai zima, aliingia, akasimama, na haukupita muda: mabomba ya Kisiwani yote yakafunguka kwa mpigo. Ndoo zilipinduka. Maji yaliruka hadi kwenye kamba za nguo. Vigelegele vilipigwa kuanzia kwa Anastasia hadi msikitini, na Zuena, aliyelowa chapachapa, alikuwa anacheza peke yake katikati ya uwanja.

Albano alitoka akifunga mkanda, akaukuta umati. Mwanzoni aliinamisha kichwa. Halafu akapunga mkono.

Eufrazia alicheka mpaka akashika ukuta. Na alipokuwa ameshika ukuta, akamwona Badru.

Badru alikuwa mume wa Zuena, fundi cherehani, mtu wa utani, rafiki wa Albano tangu walipohamia Buza kukiwa bado na mikorosho. Katika mtaa wote uliokuwa unashangilia, yeye alikuwa amesimama uchochoroni, amegeukia matofali, mkono mmoja umeegemea, paji la uso limejaa jasho. Alisimama hivyo muda mrefu. Alipogeuka, mbele ya suruali palikuwa na alama ya unyevu, akaifunika kwa kitambaa cha mteja alichokuwa nacho begani, akaja kuungana na wenzake huku anapiga makofi.

Si jambo la mwanamke kumwuliza mume wa mwenzie. Eufrazia akamwambia mumewe, na mumewe akamfuata Badru kibarazani kwenye cherehani.

"Badru, twende kwa yule daktari wangu. Mie ninarudi kwake Alhamisi."

"Nikafanye nini? Mie mzima."

"Na mgongo unaoulalamikia kila siku?"

"Mgongo ni cherehani. Mtu amekaa kwenye kiti miaka yote hii, atakosaje mgongo?" Akakanyaga pedali. "Na kama kuna kijambo, nina unga wangu wa dawa. Nimeununua kwa wale wanaopita na kipaza sauti. Wanasema unasafisha kila kitu."

Albano alikwenda siku ya pili, na ya tatu. Badru alimtania kuhusu kidole, watu wakacheka, na Albano mwenyewe akajikuta anacheka. Zuena hakuambiwa. Eufrazia aliona vibaya kumwambia mke jambo ambalo mumewe amelikana. Alijiambia atalisema wiki ijayo, na wiki ijayo ilipofika Zuena alikuwa ameshika bakuli la mbegu za moto, anacheka, na Eufrazia akashukuru, akalipokea.

Mvua za vuli zilipoanza, Badru alishindwa kuinuka kwenye kiti cha cherehani. Miguu ilikataa. Walimpeleka kwa bajaji hadi kwa Herieth, na safari hii Herieth hakutabasamu. Saratani ilikuwa imeshatoka kwenye tezi, imehamia kwenye mifupa ya mgongo. Angekuja mwaka jana, alisema, tungekuwa na mengi ya kufanya. Akafanya yaliyobaki, ambayo yalikuwa ni kumpunguzia maumivu.

Albano alikwenda kumwona nyumbani. Eufrazia alifuatana naye, akakaa mlangoni na Zuena. Badru alikuwa amelazwa ubavu, mashavu yameingia ndani.

"Kwa nini hukusema, ndugu yangu?" Albano aliuliza.

"Na wewe ulisema?" Badru alijibu bila hasira. "Wewe hukusema, Albano. Bomba ndilo lililosema. Mkojo wangu mie haujazi ndoo ya mtu."

Zuena aliinuka, akaenda jikoni. Eufrazia alimkuta amesimama mbele ya jiko lisilo na moto, chungu cha kukaangia mbegu kikiwa mkononi.

"Nimemlisha mume wako, dada," alisema. "Kila asubuhi. Huyu wangu alikuwa hapo mlangoni ananiangalia nikitoka na bakuli."

Eufrazia alitaka kumwambia kwamba yeye alijua. Badala yake alimpokea chungu, akakitua chini, akamshika mabega, wakakaa hivyo hadi adhana ikasikika.

Badru alifariki Ijumaa alfajiri. Palihitajika maji ya kumwoshea, na mabomba yalikuwa makavu, kwa kuwa Albano hakuwa ametia kitu kinywani tangu jana yake. Wazee wa msikiti walikuja kwake kwa adabu. Eufrazia alimpa maji ya mtungini, akayanywa yote bila kutua kikombe, akajikaza, akaenda. Akasimama huko analia, na maji yakatoka. Yalitoka mengi, laini, bila kukatika, yakajaza mapipa yote ya msiba, na Badru akaoshwa kama inavyotakiwa.

Baada ya maziko wanaume walikaa chini ya turubai, kahawa ikizunguka. Mgeni mmoja aliyetoka Mbezi Beach aliuliza marehemu alikuwa anaumwa nini.

"Presha," alisema Suleiman.

"Presha mbaya sana siku hizi," mwingine akaitikia, na turubai zima likakubali.

Eufrazia alikuwa ameinamia sinia la wali pamoja na kina mama. Alisimama, akajifuta mikono, akaenda hadi kwenye ukingo wa turubai, akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia: "Ilikuwa tezi dume. Daktari anapima hata kesho. Baba Stephano atawapeleka." Albano naye akasimama, akasema ni kweli, atawapeleka, na kidole chenyewe si kitu.

Shehe alisema Mungu amlaze pema. Wakaitikia amina.

Baada ya muda kidogo Suleiman akainuka, akasema anakwenda kupokea simu, akapotelea nyuma ya ukuta wa uani. Hakurudi. Akainuka mwenye baa, halafu muuza mishkaki, halafu mgeni wa Mbezi Beach. Eufrazia alipokwenda kuchota maji ya kuoshea vyombo aliwapita wote wamejipanga huko nyuma, chini ya maboga, kila mmoja akingoja aliye mbele yake amalize kukojoa. Foleni ilikuwa ndefu kuliko ile ya bombani, haisogei, na wote walikuwa wanazungumza habari za Simba na Yanga.