Laini Ikikataa

Vumbi linaelea kwenye mwanga wa dirisha, mume wangu, halipandi wala halishuki. Nimekaa mezani na kikombe kimoja, maana cha pili siku hizi kinabaki kabatini.

Jana nilipimwa akili. Binti yetu ndiye aliyeng'ang'ania, eti kwa umri wangu ni vizuri kujua. Daktari akanipa maneno ya kukumbuka, nami nikamrudishia yote, nikamwongezea na jina lake lililoandikwa kifuani. Akacheka. Akasema ubongo wangu umejiwekea akiba: miaka yote niliyokaa kwenye mtambo nikiunganisha simu za watu ilikuwa inanichongea vichochoro vya ziada. Barabara kuu ikiharibika, akili itapita uchochoroni.

Nikamwambia hilo kwangu si jipya, ndiyo iliyokuwa kazi yetu. Laini ikikataa, zungusha kwingine.

Binti alinisifia kwenye simu, akafurahi kweli, kisha akaaga maana yuko kazini. Nyumba ikanyamaza. Akili ninayo, nzima, na wa kuongea naye sina.

Leo, nikitazama vumbi hili, nikakutafuta. Wewe fundi wa nguzo za simu, kila asubuhi ulipanda ile iliyokuwa mbele ya dirisha letu la kazini, ukajaribu laini kwa kunipigia mimi. Ulikuwa na maneno yako, yale yale, siku zote. Nikayatafuta. Hayapo.

Niliogopa, sikufichi. Maneno ya daktari bado ninayo, ndizi, mlango, shuka, kengele, na ya kwako sina. Nani mwingine anayo? Hayupo. Yakinitoka mimi, yametoka duniani.

Laini ikikataa, zungusha kwingine.

Nikapita kwenye uso wako, pakaziba. Nikapita kwenye mazishi yako, nikarudi mbio. Nikafumba macho nikakalia kile kiti changu cha kazini, kile kilichokuwa kikilia kila nikigeuka. Mkono wa kulia ukanyanyuka wenyewe, ukashika waya usiokuwepo, ukauchomeka kwenye tundu lako, la mwisho chini, lile lililolegea mpaka waya usukumwe kwa kidole gumba. Nikasukuma.

Ukaja upepo kwanza. Kisha mkanda wako ukigonga nguzo. Kisha wewe:

"Niko huku juu. Mimi nakuona, wewe hunioni."

Nililia, mume wangu, mkono ukiwa hewani kama mwendawazimu. Nikashukuru hakuna aliyeniona, halafu hilo nalo likaniliza.

Jibu langu sijawahi kulisahau. Nikalitoa kwa sauti, nyumba nzima isikie:

"Nakupata vizuri. Shuka, chai inapoa."

Nikasubiri, kama nilivyokuwa nikisubiri zamani. Jua likasogea kidogo. Vumbi likaanza kushuka kwenye mwanga, taratibu, likatua upande wako wa meza.