Jicho Zima la Midge

Msimu wa kunyoa kondoo, kwetu hakuna anayeruhusiwa kuugua. Ukivunjika mguu, mume wangu Clarrie atakuuliza kama ule mwingine mzima. Kwa hiyo asubuhi nilipomwona Midge, mbwa wetu wa kuchunga, amefumba jicho la kulia na machozi yanamchuruzika, nilijua nina vita.

"Clarrie, hebu mtazame mbwa. Jicho jekundu kama nyanya."

"Vumbi hilo. Ungekuwa wewe unakimbia nyuma ya kondoo, ungelia zaidi."

"Anajisugua chini, anaumwa. Mpeleke kwa daktari."

"Daktari! Kesho utaniambia nimnunulie na miwani."

Wanyoaji wakacheka. Clarrie akamshika Midge kidevu, akampulizia ule unga wa buluu tunaowatia kondoo wakipata macho mekundu. Ndivyo mashamba ya huku yalivyo: kinachomponya kondoo kitamponya mbwa, na mbwa wa kazi halali ndani wala haendi hospitali. Midge akalia kidogo, akatikisa kichwa, akarukia nyuma ya pikapu.

Siku zilizofuata jicho likaingia ukungu, likavimba. Chakula akawa anakiacha. Ukimgusa upande ule wa kichwa, anakwepa. Nilisema mpaka mate yakanikauka.

"Tumalize kundi hili tu, Nerida," Clarrie alinijibu kila mara.

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Hapa lililokuwa linakufa ni jicho, na sikio lilikuwa la mume wangu.

Kondoo wa mwisho alipotoka, nilimpakia Midge mwenyewe. Clarrie akaingia garini amenuna. Mjini, Daktari Imogen aligusisha kifaa kidogo kwenye lile jicho, uso ukambadilika.

"Presha ya jicho imepanda mno. Limeshakufa, na maumivu yake si ya mchezo. Jicho likiwa jekundu, lina ukungu, na mbwa analifumba, msingoje hata kesho. Itabidi tulitoe."

"Basi atabaki na moja," Clarrie alisema. "Wapo wanaochunga na jicho moja."

Imogen akamulika tochi jicho la kushoto, lililokuwa safi, zuri. Mboni haikusinyaa. Akalifunika lile bovu, akadondosha kipande cha pamba mbele ya Midge. Midge hakukifuata.

"Hili halioni. Na si jambo la leo, ni la zamani."

"Wacha wewe! Juzi tu ameniletea kundi zima kutoka bwawani!"

"Kwa lile la kulia, mzee. Na kwa mluzi wako, na kwa kuyajua malisho yenu. Mbwa wanajua kuficha."

Clarrie akakaa. Alipouliza, sauti yake sikuitambua. "Ningemleta siku ile ya kwanza?"

"Huenda tungeliokoa. Siwezi kukuapia."

Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kumwambia, si nilikuambia? Sasa nilimhurumia na kumchukia, vyote kwa pamoja.

Jicho likatolewa. Tulimrudisha Midge nyumbani, na Clarrie mwenyewe akamtandikia blanketi jikoni. Kidonda kilipona. Kisha asubuhi moja jirani akawa anaswaga kondoo zake barabarani. Midge akawasikia. Akachomoka mlangoni, akajigonga kwenye geti, akainuka, akasimama masikio juu, mwili unamtetemeka. Alikuwa anangoja kutumwa. Kondoo walikuwa wameshampita, na yeye bado anatazama kule walikotoka.

Clarrie alitoka na soksi tu miguuni. Akapiga magoti kwenye tope, akamkumbatia, akalia mbele ya jirani bila kujificha. Mimi nililia nikiwa barazani. Mwishowe Clarrie akamwambia Midge maneno aliyokuwa akimwambia kila jioni kazi ikiisha.

"Basi, mama. Imetosha. Twende nyumbani."

Midge akatikisa mkia kwa furaha, kama aliyechunga vizuri kutwa nzima, akaanza kuitafuta pikapu kwa pua.