Onyo la Tatu

Kila Jumatatu, saa tatu kasoro robo asubuhi, karani wa maonyo alikata sehemu ya chini ya barua. Alitumia kisu cha karatasi cha mezani, kile chenye mkono mrefu wa chuma, na alichoondoa ni ukanda wa upana wa kidole, mahali ambapo programu ya kuchapia iliandika kwa herufi za kijivu: Nakala hii haijalipiwa. Tafadhali nunua leseni. Barua zenyewe zilimweleza mteja wa kampuni ya intaneti kwamba laini yake imeonekana ikipakua na kusambaza faili za wizi, na kwamba wizi wa programu ni wizi kama wizi mwingine wowote. Baada ya miaka sita, mkono wa karani ulijua kipimo bila rula.

Onyo la kwanza lilikuwa la karatasi nyeupe, la pili la njano, la tatu la waridi. Karatasi ya waridi alipewa fundi wa nguzo, naye alipanda na kukata waya. Tangu mafundi walipopewa koleo mpya, nyumba iliyokatwa ilikatwa yote. Haikupoteza intaneti tu. Sauti iliyotoka ndani haikuvuka kizingiti: si mazungumzo, si redio, si sufuria iliyoanguka. Hata simu ya mkononi ikipigwa kutoka ndani, anayepokea hakusikia kitu. Sauti za nje ziliingia kama kawaida. Kampuni ilipata malalamiko machache, kwa kuwa wengi wa wenye malalamiko walipiga simu wakiwa nyumbani.

Nyumba ya dada yake karani ilikatwa siku ya Jumatano. Karani hakujua. Barua zilibeba namba za akaunti bila majina, na namba ya dada yake hakuwahi kuiuliza.

Dada alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikaa barazani, nje ya mlango. Mumewe alikuwa kitandani mwaka wa pili, upande wa kushoto wa mwili umelala. Akitaka maji aliita. Akitaka kugeuzwa aliita. Dada aliacha kitambaa chini ya sindano akaingia. Alhamisi asubuhi mume alianguka kutoka kitandani. Aliita kuanzia saa nne hadi saa sita mchana. Dada alimaliza magauni mawili, akaingia kutafuta uzi mweusi, akamkuta sakafuni.

"Nilikuwa pale pale, mdogo wangu," alimwambia karani Jumamosi, wakiwa wamekaa chumbani kwa mgonjwa. "Hatua tano. Mimi mtu huyu huwa namsikia hata akipiga miayo."

"Barua za onyo hamkupata?"

"Nilipata. Nikasema matangazo. Ile ya njano nimeikata iwe kiolezo cha kola."

"Mlipakua nini, dada?"

"Sisi? Mimi picha za harusi ya binamu yetu zilinishinda kufungua mpaka leo."

"Shemeji," mgonjwa alisema kutoka kwenye mto, "kama mimi nimeiba, basi nimeiba nikiwa nimelala. Andika hivyo hivyo kwenye faili lako."

Karani aliomba kuiona karatasi ya waridi ambayo fundi aliiacha mlangoni. Ukanda wa chini ulikuwa umekatwa vizuri, sambamba, bila mkunjo. Alinakili namba ya akaunti kwenye kiganja.

Jumatatu alifungua daftari la anwani. Kampuni haikumpa mteja anwani moja ya mtandao kwa maisha yake yote. Kila Jumapili anwani zilichanganywa na kugawiwa upya, kama karata. Wenye hakimiliki walituma orodha ya makosa ikiwa na tarehe ya kosa na anwani iliyotenda. Lakini programu ya kuchapia haikutazama tarehe ya kosa. Ilitazama ni nani aliye na anwani hiyo leo, siku ya kuchapa, na kumwandikia huyo. Toleo lililolipiwa lilikuwa na kitufe cha kurekebisha jambo hilo. Toleo lao halikuwa nacho.

Alifuata anwani tatu za dada yake kurudi nyuma hadi siku za makosa. Siku hizo zote anwani zilikuwa zimeshikwa na akaunti moja tu, akaunti namba moja. Faili iliyopakuliwa na kusambazwa ilikuwa programu ya kuchapia barua. Akaunti namba moja ilikuwa ya ofisi yao.

Alipeleka daftari kwa mkuu wa kitengo, mtu aliyeitwa Kifungu na kila mmoja isipokuwa mkewe. Kifungu alisoma mistari yote mitatu kwa kidole.

"Umefuatilia vizuri," alisema.

"Basi tumfungulie dada, mkuu. Kosa si lake."

"Sijasema ni lake. Kifungu cha kumi na moja hakiulizi kosa ni la nani. Kinasema mteja aliyekatwa apige simu akiwa ndani ya nyumba husika, aeleze kwa sauti yake kwamba ameelewa. Akieleza, tunafungua siku hiyo hiyo."

"Sauti haitoki nyumba hiyo."

"Najua. Wengi wananipigia wakiwa kimya."

Dada alijaribu mara mbili. Mara ya kwanza alizungumza kutoka chumbani, dakika kumi, kwa heshima zote. Kifungu alisikiliza kimya hicho hadi mwisho, akaandika: hakueleza. Mara ya pili dada alisimama mlangoni, mguu mmoja barazani.

"Nasikia pikipiki, mama," Kifungu alimwambia. "Uko nje."

"Basi hata wewe unasikia, baba. Mimi siku ile sikusikia."

"Pole sana, mama," alisema Kifungu, na alikuwa anamaanisha.

Jumatatu iliyofuata karani alichapa onyo jeupe kwa akaunti namba moja, akiandika tarehe ya kosa kwa kalamu. Alikata ukanda, akaiweka barua kwenye trei ya Kifungu. Wiki iliyofuata aliweka ya njano juu yake. Wiki ya tatu alimpa fundi ile ya waridi.

Fundi aliisoma mara mbili. "Hii si hapa?"

"Ni hapa."

"Haya," alisema fundi, akaenda kuchukua ngazi.

Ofisi ilikaa siku tisa bila kujua. Intaneti ilipokatika, kila mtu alidhani ni ile hali ya siku zote. Wateja waliopiga simu walipokewa na ukimya, nao walisubiri, kama walivyozoea. Siku ya kumi Kifungu alifungua dirisha kumwambia mlinzi aondoe baiskeli langoni. Aliita mara nne. Mlinzi aliendelea kujikuna sikio.

Kifungu alirudi mezani, akafukua trei yake hadi akapata nyeupe na njano. Alilinganisha tarehe na daftari.

"Nani amechapa hizi?"

"Mimi, mkuu."

"Ziko sahihi," alisema, akavuta simu ya mezani. Alibonyeza namba mbili. Simu iliyo kwenye meza ya karani, hatua tatu kutoka hapo, ililia.

"Habari za asubuhi," Kifungu alisema, na karani akamsikia katika masikio yote mawili. "Napiga kutoka ndani ya jengo husika. Ninaeleza kwamba tumeelewa."

Karani alitazama fomu. Hapakuwa na kisanduku cha kukataa. Akaandika: ameeleza.

Kabla ya saa sita fundi alikuwa ameunga waya. Mlinzi aliondoa baiskeli.

"Na zile tarehe za kalamu," Kifungu alisema alasiri, bila ukali, "tuziache. Programu ichape kama ilivyozoea. Barua zikianza kufuata ukweli, zote zitakuwa zinarudi hapa."

Jumamosi karani alikwenda kwa dada yake. Walikuwa wamefunga uzi wa nailoni kwenye kifundo cha mkono mzima wa mgonjwa. Ulipita chini ya mlango hadi barazani, ukaishia kwenye kengele ya baiskeli iliyopigiliwa ukutani juu ya cherehani. Kengele ilikuwa nje, kwa hiyo ilisikika. Karani alikaa ukingoni mwa kitanda, akalegeza fundo lililokuwa limeanza kukata ngozi.

"Shemeji," mgonjwa aliuliza, "yule aliyeiba alipatikana?"

"Alipatikana."

"Wakamkata?"

"Siku tisa. Kisha wakamfungulia."

"Afadhali," alisema. "Mtu asikae hivi muda mrefu."

Akavuta uzi mara moja. Huko nje kengele ililia, cherehani ikanyamaza, dada akaja na maji.