Pua ya Mzee Shaame na Divai ya Noa

Kila Jumanne saa mbili asubuhi, mwaka ule wa 1953, Mzee Shaame alivua makubadhi yake mlangoni mwa ghala la vinywaji la Bwana Noronya, Usagara, mjini Tanga. Alinawa mikono kwa maji matupu bila sabuni, akapenga mara tatu, akaketi kwenye kiti kisicho na mto. Mto huweka vumbi, na vumbi lina harufu. Mbele yake Bibiana alikuwa ameshatandika shuka jeupe na kupanga chupa za divai zilizoshuka melini juma lile, nyeupe kushoto, nyekundu kulia. Nyuma ya mlango yalitundikwa makoti mawili mazito na mablanketi manne, kwa ajili ya baridi.

Shaame alikuwa Mpemba. Kwa miaka ishirini na miwili alikagua karafuu kwao, na ukimletea gunia alikuambia bila kulifungua kama karafuu zake zilianikwa kwenye jamvi au kwenye sakafu, na zilinyeshewa mvua ngapi. Divai hakuwahi kuionja wala hakukusudia. Alipopewa kazi hii alikwenda kwanza kumwuliza mwalimu wake wa chuoni, kule Makorora. Mwalimu akamwuliza, "Ukipita sokoni ukasikia harufu ya papa, umekula?"

"La."

"Basi usiguse chupa, usiguse bilauri, na nisisikie kwamba umemeza mate."

Kwa hiyo bilauri alishikiwa na Bibiana, binti wa Kikatoliki aliyezaliwa kambi ya mkonge. Bibiana aliizungusha mara nne, akaipeleka puani mwa mzee, na mzee akanusa, mikono ikiwa mapajani kama mtu anayenyolewa. Baada ya kila bilauri alinusa mkono wa kanzu yake mwenyewe ili pua irudi nyumbani. Ndiyo maana mkewe, Bi Tabia, alikatazwa kufukiza udi tangu Jumapili jioni, na asmini hazikuingia ndani mpaka Jumanne adhuhuri.

Kwenye karatasi, mwonjaji alikuwa Mzungu, Bwana Hadson. Pua yake ilikufa kwa homa mwaka 1947, na ulimi ukaifuata. Hiyo ilikuwa siri, na mji mzima uliitunza. Bwana Hadson alikunywa kila divai, akasema "Hm," akamsikiliza Shaame, akaandika alichosema Shaame, akatia sahihi yake. Bibiana ulimi wake ulikuwa mzima, lakini sheria ya wakati ule haikumruhusu Mwafrika kunywa divai ya chupa bila kibali cha serikali, na kibali hicho hakikuwa cha watu wa kuosha bilauri. Basi mle ndani aliyejua alikatazwa na dini, aliyeshika bilauri alikatazwa na serikali, na aliyeruhusiwa alisema "Hm."

Kazi ilikwenda vizuri kabisa. Pua ya Shaame ilipoikuta divai sawasawa, hali ya hewa ya shamba lake ilitoka kwenye bilauri ikaingia ghalani. Nyeupe za bonde la Moseli, Ujerumani, zilitoa ukungu wa mtoni na ubaridi wa mawe yaliyolowa, naye akasema, "Ndimu changa, ganda la chungwa, uchachu umesimama wima." Nyekundu za Bagandi, kule Ufaransa, zilitoa umande ulioganda, ukakaa juu ya maboksi kama chumvi. "Zambarau, majani makavu, ukakasi mwembamba." Mara mbili kwa mwaka ilianguka theluji, ikafagiliwa upesi kabla haijalowesha lebo. Jirani mmoja alileta maziwa yake kila Jumanne yakae dirishani. Divai iliyopikwa na joto la meli, au iliyoongezwa maji na wajanja wa njiani, haikutoa kitu, na kadi yake iliandikwa "ya kupikia." Divai za nchi za joto Bwana Noronya hakuziagiza. Wateja wake, mameneja wa mashamba ya mkonge, walisema joto wanalo.

Jumatatu moja alasiri alishuka basini mtu aitwaye Noa, Msambaa wa juu ya Lushoto, mtunza mizabibu wa misheni moja ya Kikatoliki. Kwa miaka kumi na minane alikuwa amekata, amefunga, amepalilia, amechuma na kukanyaga zabibu, na divai iliyotoka humo hakuwahi kuionja. Siku sita serikali ilimkataza. Siku ya saba, kwenye misa, padri alikunywa kikombe peke yake kama ilivyokuwa desturi, na Noa akapewa mkate.

Sasa padri mkuu mpya alikuwa amependezwa na kabeji. Aliagiza divai ipelekwe Tanga ikapimwe. Ikipata daraja la kwanza, mizabibu itabaki. Ikikosa, itang'olewa kabla ya vuli na kabeji zitapandwa mteremko mzima. Noa alipewa chupa mbili, moja nyeupe na moja nyekundu, alizozifunga kwa majani makavu ya mgomba, na barua ya padri yenye agizo hilo, ya kumwonyesha askari pia kwamba anazibeba tu.

Bibiana alimwona amesimama nje ya ghala hajui pa kulala, akamwelekeza kwa Mzee Shaame, Makorora, penye chumba cha uani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye wa mlimani? Ingia upoze miguu. Ila hizo chupa zako zitalala barazani, ndani kwangu haziingii."

Bi Tabia alisikia kuna mgeni. Marufuku ya udi aliijua, lakini kwao mgeni hakuwahi kulala nyumba isiyofukizwa, na mama yake, aliyefariki zamani, angekuja kumwuliza. Alipokuja kuuliza mambo kama hayo hakuwa na haraka ya kuondoka. Basi baada ya chakula Bi Tabia akatia makaa kwenye chetezo, akafukiza chumba cha mgeni, akafukiza shuka, akafukiza nguo zote zilizotundikwa kambani, na kanzu ya mumewe ilikuwa miongoni mwao. Alimwomba Noa koti lake alifukize pia. Noa aliona haya kwa jinsi lilivyokuwa chafu, akasema ana baridi, akajifunika nalo.

Asubuhi Shaame alivaa kanzu, akasimama kidogo.

"Tabia."

"Mgeni," akasema Bi Tabia, akaendelea kumimina chai.

Shaame alidhani upepo wa njiani utaiondoa harufu. Haukuiondoa.

Bilauri ya kwanza ilikuwa ya Moseli. Yalinyesha manyunyu yenye harufu ya biharusi.

"Mzee, leo Moseli kuna shughuli?" akauliza Bibiana.

"Endelea, mwanangu."

Ya pili ilikuwa nyekundu. Umande ulioganda ukatokea mahali pamoja tu, mpana kama sahani, ukayeyuka. Bwana Hadson akaandika hivyo hivyo. Ndipo ikafunguliwa chupa nyeupe ya Noa. Noa alikuwa amesimama karibu na mlango, kofia mkononi. Bibiana akazungusha mara nne. Shaame akanusa. Ghalani hapakutokea kitu. Akanusa mkono wa kanzu, akanusa tena bilauri. Nzi alitembea juu ya shuka. Joto lilikuwa lile lile la Tanga.

"Nakupa pole, baba," Shaame akamwambia Noa bila kumtazama.

Noa aliinamisha kichwa. Alikuwa ameanza kuona kabeji.

Bwana Hadson akachukua kadi, akaandika "ya ku," na hapo Bibiana akaweka kidole juu ya kadi.

"Ngoja, Bwana. Mzee Shaame, hiyo kanzu ina nini?"

Shaame aliutazama mkono wa kanzu. Kusema ilikuwa kumsema mkewe mbele za watu. "Ina mgeni," akajibu mwishowe.

"Basi vua."

"Mie mtu mzima, Bibiana."

"Tunajua. Hatutaangalia."

Kanzu ikavuliwa, ikatundikwa nje barabarani, Shaame akabaki na kikoi na fulana. Lakini pua haikuwa na pa kurudi sasa. Ndipo Noa akavua koti lake akamvika. Lilikuwa na moshi wa kuni mbichi, viazi, na sufu iliyolowa ikakauka mara elfu. Shaame akavuta mkono wa koti mpaka mwisho wa pumzi.

"Hili halijafuliwa."

"Tangu mwaka arobaini na tisa, mzee. Kule kwetu nguo haikauki."

"Alhamdulillahi," akasema Shaame. "Lete bilauri."

Ukungu ulipanda polepole juu ya ukingo wa bilauri, ukashuka mezani, ukajaa sakafuni, ukafika madirishani. Ulikuwa na harufu ya majani ya porini yaliyolowa. Bwana Hadson akaenda kuchukua koti, na Bibiana akajitanda blanketi. Katikati ya ukungu alikuwepo Yudith, mke wa Noa, anafunga mizabibu kwa kamba za mgomba.

"Noa, kisu cha kukatia umekificha darini. Nimekitafuta tangu jana."

"Kichukue."

"Nimeshakichukua." Akatazama meza. "Mwonjaji ndiye yupi?"

"Huyu mwenye koti langu."

"Mwambie lina viroboto," akasema Yudith, akahamia mzabibu wa pili.

Shaame alikuwa amefumba macho. "Balungi," akasema. "Asali ya mlimani. Jiwe. Uchachu unakata, halafu unaomba radhi. Hesabu, Bibiana, tuone inakaa muda gani."

Bibiana alihesabu mpaka kumi na tisa kabla harufu haijaondoka. Moseli bora ya mwaka ule ilifika kumi na nne. Bwana Hadson akakata alichokwisha kuandika, akaandika daraja la kwanza.

Ikaja nyekundu. Ukungu ukawa mzito zaidi, na ubaridi ukauma vidole. "Furu za porini zilizoiva," akasema Shaame. "Pilipili manga. Ukakasi." Akasita, akanusa tena. "Hapa pana jambo pua hailiwezi. Hapa panataka ulimi."

Wote wakamtazama Bwana Hadson. Bwana Hadson akanywa, akasema "Hm." Bibiana akatazama dari.

Noa alikuwa amefungua kinywa kumwuliza Yudith habari za mbuzi, na ukungu ukamwingia. Akafunga kinywa. Akautafuna kidogo, akauzungusha nyuma ya meno kama alivyomwona padri akifanya miaka yote ile, akameza. Bwana Hadson alishusha kitabu cha sheria kutoka rafuni, akapitia ukurasa wenyewe kwa kidole. Sheria ilitaja chupa, pipa, debe na kibuyu. Ukungu haikuutaja. Akakirudisha kitabu.

"Nyekundu ni mbichi," akasema Noa. "Inakaza meno. Niliichuma siku tano kabla ya wakati wake, niliogopa ndege."

"Kaka," Bibiana akanong'ona, "unasema hivyo na kalamu iko wazi? Kabeji zinakusubiri."

Noa aliijua barua ya padri neno kwa neno. Ilisema divai ipate daraja la kwanza, haikusema kama nyeupe peke yake inatosha. Akaivuta fulana yake kifuani, maana koti alikuwa nalo mzee.

"Ndivyo ilivyo," akasema. "Inakaza meno."

Shaame akanusa mara ya mwisho, akatikisa kichwa taratibu. "Siku tano," akasema. "Ndicho kitu nilichokuwa nakitafuta."

Bwana Hadson akaandika: nyekundu, daraja la pili, zabibu zichumwe siku tano baadaye. Chini palikuwa na mstari wa jina la mwonjaji, akaandika lake. Palikuwa na mstari wa mwenye divai, akaandika jina la misheni. Mistari ikaisha. Chupa zilizofunguliwa zilibaki kwake, kwa kuwa Noa hakuwa na ruhusa ya kuzibeba bila kizibo.

Pale stendi askari alisikia harufu kinywani mwa Noa, akamdai kibali. Noa akaeleza habari ya ukungu. Askari alianza kuyaandika maelezo, lakini kila Noa alipotaja ukungu karatasi ililowa na wino ukaenea, na basi lilikuwa linapiga honi. Alimwonya asirudie, akamruhusu kupanda.

Jumapili padri mkuu alisimama mbele ya waumini akasoma kadi kwa sauti. Aliposoma habari ya nyekundu, Noa aliishika benchi. Padri aliirudia mara mbili. Kisha akasema kwamba yeye ameonja divai katika nchi tatu, na hajakutana na ulimi unaoweza kuketi Tanga ukaonja siku tano za Lushoto. Mtu kama huyo ni wa kusikilizwa. Mizabibu itabaki yote, nyeupe na nyekundu, na kabeji zitapandwa nyuma ya zizi. Akamshukuru Mungu kwa ulimi wa Bwana Hadson, na kanisa zima likaitikia amina. Noa naye aliitikia, kwa sauti kubwa kuliko jirani zake. Misa ikaendelea. Padri akanywa kikombe.

Walipotoka, Noa na Yudith walipanda moja kwa moja mteremkoni, na viatu vya kanisani vikajaa udongo.

"Siku tano, umesema?" akauliza Yudith.

"Siku tano."

"Mwaka jana mimi nilikuambia sita. Nilizitafuna na mbegu zake."

"Hukuniambia."

"Nilikuambia, ulikuwa unawatukana ndege."

Noa alisimama, akafikiri, akapitisha ulimi nyuma ya meno. "Huenda ni sita," akasema.

Mwaka uliofuata walingoja siku sita. Ndege walikula safu mbili za juu. Zilizobaki zilichumwa zikiwa nyeusi na tamu, zikakanyagwa, zikatiwa mapipani, na Noa akaufunga mlango wa chumba cha mapipa kwa kufuli, akampelekea padri ufunguo, akarudi kukata matawi ya mwaka mwingine.