Mwenye Kofia Tu

"Usiivute," Merina alisema. "Ukiivuta, uso utabaki kwenye kioo."

Dotto akaondoa mkono. Picha iliyokuwa mezani ilikuwa imegandana na kioo cha fremu yake. Mvua ilipenya paani, maji yakashuka ukutani usiku kucha, na mahali palipokuwa na nyuso mbili sasa palikuwa na doa la kahawia. Kilichosalia ni goti la mwanamke, mikunjo ya kitenge, na ukingo wa kofia ya mtoto, kofia ya kufumwa.

"Ndiyo picha yangu pekee ya utotoni," Dotto alisema. "Lakini si hilo lililonileta, mama. Mama yangu hali chakula tangu juzi. Alipoiona hivi aligeukia ukutani. Uji naupeleka, naurudisha jikoni kama ulivyo. Pale kwetu Katonga, ninapouzia samaki, wakaniambia, nenda Ujiji, mjane wa mpiga picha bado anazo filamu za zamani."

Mjane huyo alikuwa Merina. Kwa miaka thelathini mumewe, Selestini, alisimama nyuma ya kamera. Merina alisimama gizani, kwenye chumba cha kusafishia picha, mikono ikiwa ndani ya beseni za dawa. Mhuri wa studio ulikuwa na jina la mume peke yake. Selestini alipofariki, waliokuja kununua vifaa waliyaacha makopo ya biskuti yaliyojaa negativu, filamu za picha zilizokwisha kuchapwa, wakidhani ni takataka. Ndipo binti yao Erica, mwalimu wa Dodoma, alipomletea mama yake skana ya mezani, yenye taa ndani ya kifuniko ya kupitisha mwanga kwenye filamu. Tangu hapo, kila asubuhi baada ya kufagia, Merina alifungua kopo, akachagua bahasha, akawatoa watu gizani kwa mara ya pili.

"Mama yako anaitwa nani?"

"Esther. Ila wote wanamwita Mama Kulwa." Dotto alicheka kidogo, bila furaha. "Pacha wangu Kulwa alikufa kwa surua, hatujafikisha mwaka na nusu. Mimi ndiye ninayempikia mama, ninayemwogesha. Lakini ni Mama Kulwa."

Nyuma ya picha namba bado ilisomeka. Merina aliikuta bahasha yake kwenye kopo la tatu. Juu yake, kwa penseli, kwa mwandiko wa Selestini uliolalia upande mmoja, palikuwa na maneno machache: *Mwenye kofia tu. Chapa moja.*

Akakumbuka. Alikumbuka mwanamke kijana aliyesimama mlangoni pa studio, macho makavu, mtoto mmoja mgongoni. Alikumbuka alichosema, na neno la mwisho alilowaachia: asijue.

"Nenda kidogo sokoni," alimwambia Dotto. "Kazi hii ina vumbi jingi, inachukua muda."

"Nitakaa, mama. Nimezoea kusubiri."

Merina akafuta kioo cha skana kwa kitambaa laini. Akaishika filamu kwa kingo zake, akaipuliza vumbi kwa kipira cha upepo, akailaza kwenye fremu ya plastiki, akafunga kifuniko. Mashine ikanguruma, mwanga ukatambaa polepole juu ya filamu, mstari baada ya mstari. Kwenye kompyuta pakaanza kutokea paji la uso, kitambaa cha kichwani, halafu vichwa viwili vya watoto.

Angeweza kuchora mraba kumzunguka mwenye kofia, mwingine abaki nje. Kidole chake kilikuwa kwenye kipanya. Hakukibonyeza.

"Wako wawili," Dotto alinong'ona. Alisogea mpaka pumzi yake ikagusa kioo cha kompyuta. Mtoto wa pili alikuwa kichwa wazi, kinywa kimeachama, analia. Sikio lake moja lilikuwa na pengo juu, kama limemegwa. Dotto akagusa sikio lake mwenyewe, la kushoto, lenye pengo lilelile la kuzaliwa nalo. Kisha akashusha pumzi. "Hapana. Lake ni la kulia, langu la kushoto. Huyo ni Kulwa. Mimi ndiye mwenye kofia."

Merina alikuwa akitazama pazia la studio lililochorwa, nyuma ya mama pichani. Maandishi yake yalisomeka IJIJU.

Angenyamaza, mambo yangeishia hapo.

"Nimeiweka kinyume," alisema. "Upande unaong'aa ulitakiwa kutazama chini."

Akaigeuza filamu. Mwanga ukatambaa tena. Safari hii pazia lilisomeka UJIJI, na pengo lilikuwa kwenye sikio la kushoto.

Dotto akalishika tena sikio lake. "Kwa hiyo ukutani alikuwa Kulwa," alisema. "Miaka yote. Nilikuwa nawaonyesha wanangu, nawaambia, mwoneni mama yenu. Kumbe mimi mama alinikata."

"Hakukukata. Alikuja baada ya msiba. Ulikuwa mgongoni kwake. Mume wangu akamuuliza, tuchape wote wawili? Akasema, huyu ninaye, namwona kila siku. Nipeni aliyekwenda." Merina akairudisha filamu kwenye bahasha. "Picha hiyo niliiosha mimi. Alituomba usijue. Leo nimekwambia."

Dotto alijifuta uso kwa ncha ya khanga. "Chapa yote," alisema. "Halafu twende wote. Peke yangu sitaweza."

Bajaji iliwashusha Katonga saa tisa alasiri. Mama yake alikuwa amelala, uso ukutani. Dotto akaweka picha kando ya mto. Mwanamke mzee akageuka, akaisogeza karibu kabisa na macho, kisha akamtazama Merina aliyesimama mlangoni.

"Shikamoo, mama," Merina alisema.

"Marahaba. Niliwaambia mchape mmoja."

"Ulituambia."

Kidole chembamba cha mzee kikapita juu ya mwenye kofia, kikakaa hapo, kisha kikahamia kwa yule mwingine.

"Huyu," alisema, "alilia tangu mlangoni. Kofia aliitupa mara tatu. Mpiga picha akaimba mpaka akatoka jasho, wapi! Nikamwambia, piga hivyohivyo, ndivyo alivyo." Akainua macho kwa binti yake. "Umenyamaza nini sasa? Uji upo?"

Dotto alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amekishika kidole kile.

Merina akatoka nje. Ng'ambo ya ziwa milima ya Kongo ilikuwa imekwisha kumezwa na mvua, na upepo wa maji ulifika uani. Majirani walikuwa wakikimbilia chanja zao za kuanikia samaki. Dagaa wa Dotto walikuwa bado wameanikwa, wakimetameta. Merina akakunja mikono ya gauni lake, akavuta beseni, akaanza kuwakusanya, konzi baada ya konzi, bila kumwita mtu.